Baba Mkwe Kwenye Ramani

Nyumbani kwa Mwalimu Fransiska,
Hirbadaw.
15 Februari 2009

Mdogo wangu Patriki,

Najua tungeonana ungeniamkia, kwa hiyo marahaba. Huku hatujambo, ila mguu wa mama mkwe umevimba tena na habari ya zahanati hataki kuisikia. Monica ameingia darasa la nne na ameanza kunisahihisha Kiswahili, usishangae barua hii ikiwa na mikwaruzo. Padri alikuja mara moja tangu Krismasi kutusomea ibada, akaombea mvua, mvua ikanyesha siku mbili ikakata. Baba Monica aliondoka na ng'ombe kuelekea Manyoni kutafuta majani, na mpaka leo hajaleta neno. Kwa hiyo mwenye mji sasa ni shemeji yangu Abel, na anapenda tujue hivyo.

Ningepiga simu ya Mwalimu Fransiska, lakini mtandao haushiki mpaka tupande kilimani, na huko juu kila anayesubiri zamu anasikia ya mwenzake. Jambo hili si la kupigia kelele kilimani.

Wiki iliyopita walikuja watu wa mnara wa simu. Wamechimbia bikoni za mipaka palepale kwenye chemchemi yetu, chini ya mikuyu. Mikuyu itang'olewa, wanasema, na pembeni watajenga chumba cha jenereta na tangi la dizeli. Nikawauliza, mnajua kwamba hapa ndipo kijiji kinapokunywa? Kijana mmoja akafungua kompyuta yake ya mkononi akanionyesha. "Mama, hapa ni pori. Hakuna maji." Hakuna maji! Punda wangu amesimama pembeni yake na madumu yamejaa yanachuruzika.

Mnara tunautaka, Patriki, usidhani sisi ni watu wa kukataa maendeleo. Juzi mwanamke amejifungulia barabarani kwa sababu hakukuwa na namna ya kuita gari. Lakini kilima kipo, kikavu, ni cha kijiji, hakina mti wa maana. Kwa nini uwe kwenye maji? Na sheria ndogo ya kijiji tuliipitisha mwaka tisini na nane: kwenye ile miti mingi haikatwi hata fimbo.

Hiyo ramani inayosema hakuna maji inatunzwa na ofisi yenu ya mradi hapo Babati. Wewe unakaa nayo. Iulize.

Dada yako,
Helena


Babati,
20 Machi 2009

Dada yangu mpendwa Helena,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako ilikaa Katesh wiki tatu kwa wakala wa basi, na mimi nilikuwa Kiteto kwa kazi. Ni mzima. Babati kumekuwa na joto la ajabu na maji ya bomba yanatoka kwa mgao. Mpe pole mama mkwe. Mwambie Monica aendelee kukusahihisha.

Kabla sijajibu, naomba unielewe kazi yenyewe, maana watu huko wanadhani sisi ni watu wa mnara. Sisi si watu wa mnara. Mradi wetu ni wa kulinda mazingira. Zamani mtu mkubwa alikuwa anapiga simu anapewa eneo, hata kama ni kwenye mto. Sera mpya imefunga mlango huo. Kila chanzo cha maji kinaingizwa kwenye kompyuta kwa vipimo vya setilaiti, na kuanzia Julai hakuna mnara, kisima wala kiwanda kitakachopata kibali mpaka kompyuta iseme hakuna maji ndani ya mita sitini. Kompyuta haina shemeji wala haili chai ya mtu. Nilishiriki kuiandika sera hiyo na ninajivunia.

Sasa, nimeiuliza kama ulivyotaka. Sheria ndogo ya kijiji chenu ninayo hapa. Inataja "Msitu na Chemchemi ya Gidamis". Nimeandika Gidamis, kompyuta inajibu hakuna. Nimeandika kwa herufi nyingine, hakuna. Nimetafuta Hirbadaw yote: hakuna Gidamis. Kwenye bikoni za mnara kuna mahali panaitwa "Kwa Mzee", na maelezo yake ni "pori". Mfumo hutambua chanzo kwa jina lililo kwenye sheria ndogo tu, na kwa kuwa halikuandikwa jina la chanzo wala msitu, umepaweka kwenye ardhi iliyo wazi.

Dada, una hakika bikoni ziko hapo unaposema? Ukame huu huenda umebadilisha mambo, na macho nayo huchanganya mahali. Nikumbushe vizuri ilipo.

Mdogo wako,
Patriki


Hirbadaw,
26 Aprili 2009

Patriki,

Sisi wazima. Ng'ombe wawili wa maziwa waliobaki nyumbani, mmoja amekufa. Baba Monica bado.

Usiandike tena jina lile kwenye barua unazoniletea. Umeliandika mara tatu. Nilikuwa nimekaa jikoni na mama mkwe, akaniambia nimsomee habari za kwetu, nikaanza kusoma kwa sauti na mdomo ukanikwama katikati. Ikabidi niseme mwandiko wako mbaya. Barua yako nimeichoma na sioni aibu kukuambia.

Macho yangu hayachanganyi mahali. Maji hayo nayachota kila siku, mwaka huu zaidi ya miaka yote, maana mabwawa yamekauka na watu wanatoka mbali kuja kwetu. "Kwa Mzee" ni mimi niliyesema. Vijana wa ramani walikuja mwaka jana siku ya mnada, wanaume wote wapo mnadani. Walinikuta peke yangu nachota. Wakaniuliza hapa panaitwaje, nikajibu kama ninavyopaita siku zote. Wakauliza hii miti ni lile neno lenu la hifadhi, au ni pori? Nikasema pori. Wakauliza nani anaishi jirani, nikawaambia, wakanipa biskuti wakaondoka. Nilidhani wamekuja kuhesabu watu.

Unaniuliza kwa nini nilijibu hivyo? Hujaniuliza, lakini ulitakiwa uulize hilo kabla ya kuuliza macho yangu. Kama hujui, pita Balangdalalu umuulize mama. Mimi sikuandikii.

Abel amewachinjia mbuzi watu wa mnara. Mbuzi mwaka huu!

Helena


Babati,
30 Mei 2009

Dada Helena,

Shikamoo. Nisamehe. Nilipita Balangdalalu nikamuuliza mama, akacheka mpaka akakohoa. Aliponyamaza alikuwa amenikasirikia. "Tumekupeleka bweni Mbulu ukiwa mdogo ili usome," akasema, "siyo ili uwe mgeni."

Ameniambia yote. Kwamba maji yale yamebeba jina la baba mkwe wako, na kwamba kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa amekufa, wala hatamki neno linalofanana nalo, hata kwa mlio wa mwisho tu. Nilikuwa najua, lakini nilijua kama mtu anavyojua habari za babu zake. Sikudhani mnaifuata hata kwenye Kiswahili. Usiku ule nilitoa barua zako zote za nyuma nikazisoma upya. Hakuna msitu hata mmoja, kuna "miti mingi". Hakuna misa, kuna "ibada". Wewe ni mjumbe wa Kamati ya Maji na Misitu na hujawahi kuitaja kamati yako! Nilicheka, dada, kisha nikaacha kucheka, maana niliona vijana wale walivyokuuliza maswali mawili, na majibu sahihi ya yote mawili yalikuwa hayawezi kutoka mdomoni mwako.

Nikampelekea habari hiyo bosi wangu, Bwana Margwe. Ni mtu wa Mbulu, mambo haya ya kwetu ni mageni kwake, naye akacheka. Akasema mfumo haujui mkwe. Lakini si mtu mbaya. Akanionyesha kwamba njia ipo kwenye sera: kikao cha marekebisho. Aliyetoa taarifa mwanzo anakuja mwenyewe, anasema kwa mdomo wake mbele ya wanakijiji, anaweka dole gumba, basi, ramani inarekebishwa na mnara unahamishwa. Lazima awe yeye mwenyewe. Kipengele hicho nilikiandika mimi, kwa sababu kuna mahali wakubwa walituma watu wa kukodi kuja kufuta mito.

Kwa hiyo si jambo gumu. Utasimama, utaulizwa chemchemi inaitwaje, utataja. Ni neno moja tu, dada. Kikao cha kata yenu ni tarehe 18 Agosti. Ukishataja, mikuyu haitaguswa maisha.

Mpe Monica hiyo kalamu niliyoifunga pamoja na barua.

Mdogo wako,
Patriki


Hirbadaw,
5 Julai 2009

Mdogo wangu,

Marahaba. Monica amefurahi, analala na kalamu yako. Mama mkwe sasa anatembea na fimbo. Mwenye duka ametuletea habari kwamba Manyoni nako majani yameisha na watu wamesogea mbele zaidi. Namwomba Mungu baba Monica awe miongoni mwao.

Neno moja tu, unasema. Ukioa utajua.

Nimeishi na watu hawa miaka kumi na tano. Nilikuja sina ng'ombe wangu, sina mtoto, sina anayenijua. Heshima hiyo unayoicheka ndiyo iliyonifanya mtu. Yule mzee alipokuwa hai aliniita binti yangu mbele ya wageni, na alipougua mimi ndiye niliyemnywesha maziwa kwa kijiko. Leo nisimame mbele ya wanaume na karani nimwite kama ninavyoita mtoto wa kuchunga mbuzi? Na mwaka huu? Mume wangu hayupo, mifugo inakufa kila wiki. Nikilitaja, kila ng'ombe atakayeanguka kuanzia siku hiyo nitaambiwa nimemwua mimi.

Nimejaribu njia nyingine, usidhani nimekaa. Nilimwendea Abel. Nikamwambia, shemeji, wewe ni mwanamume, wewe ni mtoto wake, nenda ukaseme. Akanitazama akasema, "Chemchemi gani? Mimi naijua Kwa Mzee. Si wewe uliyewaambia?" Wanaume waliokuwa naye wakacheka. Sehemu ile ya mikuyu ameirithi yeye. Mnara ukisimama hapo kodi ya eneo ni yake na ulinzi ni wake. Ukisimama kilimani ni wa kijiji. Kila mwanamume hapa anajua jina la maji yale, Patriki. Wananyamaza kwa kuwa Abel atawalaza na njaa wasiponyamaza, ndiye mwenye mahindi ya mwaka juzi.

Ameniambia pia kitu kingine, ambacho sikuandikii.

Sasa nikuulize mimi. Hiyo kompyuta ina nafasi ya jina moja tu? Wewe una la kanisani na la baba, na mshahara unapokea kwa yote mawili. Waandike "Kwa Mzee" na lile lingine pamoja, wanawake wapaite vyao na wanaume vyao. Maji ni yaleyale. Kama mlikaa mezani mkaandika sera ya kutulinda, mlishindwaje kuweka mstari mmoja zaidi?

Dada yako,
Helena


Babati,
2 Agosti 2009

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, gari la ofisi linakwenda Katesh sasa hivi na dereva atakufikishia.

Nafasi ya jina ni moja. Nimejaribu kuandika mawili, mfumo unakataa. Kubadilisha mfumo ni Dodoma, na Dodoma wananiambia mwakani. Kibali cha mnara kiko mezani kwangu. Usiniulize tangu lini. Kikao kikiisha bila marekebisho kitasainiwa siku inayofuata, na greda linakuja.

Kitu kimoja zaidi. Bwana Margwe hajui kwamba wewe ni dada yangu. Akijua atasema marekebisho ni ya undugu na atayafuta. Mwenye kuuliza maswali siku hiyo ni mimi. Kwa hiyo usinishangae.

Saa nne, ofisi ya kata. Nakuomba uje. Nakuomba ulitaje.

P.


Balangdalalu, kwa mama,
13 Septemba 2009

Patriki,

Mama hajambo. Mimi, utaona.

Kikao ulikuwepo, sina sababu ya kukusimulia, lakini ulikuwa umeinamia kompyuta na kuna mambo hukuyaona. Hukuniamkia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Nimesimama mbele yako, ukainua macho ukasema, "Mama, jina lako nani?" Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua mpaka ngozi yangu ikachubuka. Nikakutajia jina langu, ukaliandika.

Ukauliza chemchemi inaitwaje. Nikasema Kwa Mzee. Watu wakaguna. Ukauliza tena, nikawatazama waliokaa. Mama mkwe alikuwa ameketi na wanawake kwenye kivuli cha ukuta, shuka ameshaishika tayari kujifunika uso, na Abel amekaa mbele anatabasamu kama mtu aliyekwisha kulipwa. Ukauliza mara ya tatu.

Nataka ujue kwamba sikusema kwa ajili ya sera yako. Punda wangu walikuwa wamefungwa nje, wana kiu, wamelia asubuhi yote. Nikawaza, kikao kikiisha nitawapeleka kunywa. Kisha nikawaza, nitawapeleka wapi? Hapo ndipo nililitaja. Nikalitaja lote, na nikasema ni msitu, siyo pori.

Wewe ukafunga kompyuta ukapanda gari. Jioni walinikalisha. Abel aliyepoteza mnara ndiye aliyesema zaidi: mke wa kaka yangu amemwita baba yetu kama anayeita mbwa. Hicho ndicho alichonitishia tangu Juni, kwamba nikilitaja narudi kwetu, na ndicho ambacho sikukuandikia. Wazee wakasema niondoke mpaka watu wangu waje waseme. Monica ni wa ukoo wao, abaki. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza nitarudi Jumamosi au Jumapili. Mama mkwe hakusema lolote. Afadhali angenitukana.

Nina hasira na wewe, mdogo wangu, na nakuandikia nikiwa nayo. Siku hizi naongea Kiswahili kama mwalimu. Misitu. Misa. Misumari. Jana nilimwambia mama twende misa, akanitazama akalia. Hakuna wa kunikataza, maana anayekatazwa ni mke wa mtu.

Anayetakiwa kwenda kuniombea ni mwanamume wa kwetu. Baba yetu hayupo tena. Umebaki wewe. Mama anasema ni pombe ya asali, na kukaa langoni mpaka wakusikilize. Mwalimu Fransiska ameniambia umeitwa Dodoma kuwafundisha wengine mfumo huo. Wewe hukuniambia. Kama umeshakwenda, basi barua hii itakusubiri Babati, nami nitajua nina ndugu wa namna gani.

Helena


Hirbadaw, langoni kwa Abel,
11 Oktoba 2009

Dada Helena,

Shikamoo. Hiyo ni ya leo. Nakupa na ile ya tarehe 18 Agosti: shikamoo, dada.

Sikwenda Dodoma. Wamempeleka mwingine. Kabla ya kuondoka Babati nilimwandikia Bwana Margwe kwamba wewe ni dada yangu wa tumbo moja, na kwamba sera isiyojua nani hawezi kutamka nini italinda maji ya wanaume peke yao. Nilitegemea afute marekebisho. Badala yake alipanda gari akaja mwenyewe Hirbadaw, akawauliza wanaume mmoja mmoja maji yale yanaitwaje. Wakamtajia wote, papo hapo, hata hawakufikiri. Abel naye alitaja; angekanaje jina alilokushtaki kwalo? Bwana Margwe alirudi hajacheka. Mimi amenisimamisha kazi kwanza, mpaka atakapojua afanye nini na mimi. Mnara unajengwa kilimani. Mikuyu ipo, nimekunywa pale.

Hii ni siku ya tatu niko langoni. Abel anapita ananiruka kama gogo. Monica ananiletea maziwa jioni, ni mzima, analala kwa bibi yake. Baba yake ametuma salamu, yuko njiani anarudi na ng'ombe waliobaki. Hajui lolote.

Leo asubuhi mama mkwe wako alitoka na fimbo yake. Akasimama mbele yangu.

"Ni wewe uliyemuuliza mke wa mwanangu swali lile?"

"Ni mimi, mama."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Ulijua ni mkwe wa nani?"

"Nilijua."

Akasema, "Basi aliyemtukana mume wangu ni wewe. Yeye ulimtumia mdomo." Akamwita Abel aingize kibuyu cha pombe ndani. Abel akabisha, yule mama akamwinulia fimbo, na kibuyu kikaingia. Mimi nimelipishwa faini ya ng'ombe mtamba, nimekubali, sijui nitamtoa wapi.

Kisha akanipa masharti ya kurudi kwako. Urudi kimya. Ukae kama ulivyokuwa, na jina lile lisitoke tena, wala yale maneno yanayofanana nalo. Na kamati uiache, maana kamati ndiyo iliyokupeleka mbele ya wanaume. Ukikubali hayo, mlango uko wazi na hakuna atakayelitaja jambo hili, hata ng'ombe wakifa.

Dada, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka niseme ndiyo, tumekubali, tunashukuru. Hapo ndipo nikaona kwamba tangu Machi sijakuuliza kitu hata kimoja. Nilikuuliza macho yako, nilikuuliza jina la maji, nilikuuliza mbele za watu. Wewe unataka nini sikuwahi kuuliza. Nikamwambia mama mkwe kwamba nitakuuliza kwanza. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili, lakini hakunifukuza.

Kwa hiyo nakuuliza. Unataka kurudi? Kwa masharti hayo, au kwa masharti yako, au hutaki kabisa? Ukitaka niombe Monica aje kwako mpaka baba yake afike, nitaomba hilo. Ukitaka kamati, nitasema kamati. Sina neno la kukuwekea mdomoni.

Mwalimu Fransiska anapanda basi kesho na barua hii, na amekubali kungoja hapo kwa mama mpaka umjibu. Utakachosema ndicho nitakachokipeleka ndani. Mimi bado niko hapa langoni.

Mdogo wako,
Patriki